Siku Tatu Katika Nyumba ya Kale Ukingoni mwa Mto Pangani: Niliyopaswa Kuyauliza Kabla ya Kulipa

Mama yangu alizaliwa Bweni, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, na aliondoka huko akiwa na miaka kumi na mmoja, babu yangu alipohamia mashamba ya mkonge ya Morogoro. Katika kila simulizi yake ya utotoni zilikuwamo nyumba za ghorofa za upande wa mjini, nyeupe kwa chokaa, zenye roshani za mbao zinazoutazama mto, ambazo yeye na wenzake walikuwa wakivuka kwa mtumbwi kuzipelekea madafu. Safari yao ilikuwa ikiishia mlango wa uani. Hakuwahi hata siku moja kupanda ngazi za nyumba yoyote kati ya hizo, na kila alipolisema jambo hilo alilisema kwa sauti ya chini ambayo sisi wanawe tuliitambua kuwa ndiyo sauti ya mambo ambayo bado yanamuuma.

Mwaka juzi, alipotimiza miaka sabini na miwili, niliamua kumpeleka akalale siku tatu katika mojawapo ya nyumba hizo, ambayo sasa hupokea wageni kwa malipo ya chumba pamoja na kifungua kinywa. Safari ile ilikula fedha kuliko nilivyopanga, ikamuumiza mama magoti, na kwa siku nzima tukawa hatuzungumzi vizuri. Lawama kubwa ni yangu, kwa sababu nilichagua nyumba kwa kutazama picha, bila kuuliza habari za ngazi, za kuta, wala za mto wenyewe. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayepanga kumpeleka mzazi wake, au kwenda mwenyewe, katika nyumba ya kale iliyo kando ya mto, Pangani au kwingineko katika mwambao wetu, ili aulize mapema yale ambayo mimi niliyajua baada ya kulipa.

Picha niliyotumiwa ilionyesha roshani, viti viwili vilivyosukwa, na mto uliojaa hadi kwenye ukuta wa gati. Aliyenitumia hakuwa mwenye nyumba wala msimamizi wake. Alikuwa dalali anayewatafutia wageni vyumba, na mimi sikuona tatizo katika hilo. Alinitajia bei ya shilingi 80,000 kwa usiku kwa chumba cha vitanda viwili, akataka nusu ya malipo ya siku tatu, yaani shilingi 120,000, kwa njia ya simu, nami nikatuma jioni hiyo hiyo. Tulipofika, daftari la nyumba lilionyesha kuwa zimepokewa shilingi 80,000 tu, na dalali alipopigiwa simu alisema kuwa zilizobaki ni ujira wake, jambo ambalo hakulitaja hata kidogo tulipokuwa tukipatana. Msimamizi wa nyumba, mwanamke mtu mzima asiyehusika kabisa na mapatano yale, alikuwa tayari kusamehe kiasi hicho, lakini niliona haya kumtwika deni la mtu mwingine, nikalipa. Tangu siku ile, kabla sijatuma hata shilingi moja, huomba kuzungumza na mtu anayelala ndani ya nyumba husika, humuuliza ni jina gani litatokea kwenye simu nitakapotuma fedha, na humwomba anipigie picha tatu: ya ngazi kuanzia chini, ya choo, na ya chumba madirisha yakiwa yamefungwa. Mwenye nyumba mwema hachukizwi na maombi hayo.

Majira nayo niliyachagua vibaya. Likizo yangu iliangukia Aprili, katikati ya masika, na nilifurahi kuona bei imeshuka bila kujiuliza sababu ya kushuka kwake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takriban kilomita 350 na mabasi ni mengi, lakini zile kilomita hamsini hivi za mwisho kutoka Tanga hadi Pangani zilikuwa bado zikijengwa vipande vipande, na mvua ilikuwa imezigeuza sehemu nyingine kuwa tope. Tulifika baada ya sala ya Isha, mvua ikinyesha, umeme umekatika, mama amechoka na amenyamaza. Nyumba ya kale haifai kufikiwa usiku kwa mara ya kwanza. Vizingiti vyake vimeinuka, sakafu zake hazina usawa mmoja, na mtu aliyezoea nyumba za siku hizi huweka mguu mahali ambapo hapana kitu. Kama ningeanza safari siku moja mapema na kulala Tanga mjini, tungeingia Pangani asubuhi, na pengine mambo ya usiku ule yasingetokea.

Msimamizi alitupokea na taa ya chemli. Mama alimwamkia kwanza kwa jinsi watu wa Bweni wanavyoamkiana, kwa kuulizana hali mara tatu nne, nao wakaendelea kushikana mikono mlangoni wakati mimi nikishusha mizigo. Ulikuwa mlango wa kuchongwa wenye mfaa mnene katikati, umefunguliwa ubao mmoja tu, na kizingiti chake cha chini kilikuwa na kimo cha shubiri nzima, mama akakivuka kwa kushika mwimo. Kisha tukazifikia ngazi.

Ngazi zile zimebanwa kati ya kuta mbili, hazina mahali pa kushikia, na zinapinda katikati ili kuufuata ukuta. Asubuhi yake nilizipima kwa mkono wangu: kila kidato kina kimo cha shubiri moja na vidole vitatu, na vidato vyote ni kumi na tisa. Mama alipanda saba. Alipofika cha nane aliketi, akaweka viganja vyote viwili juu ya goti la kulia, na kwa mwanga wa taa niliona midomo yake ikitetemeka. Nilidhani ni maumivu. Nilimwambia apumzike kidogo kisha nitamshika kiuno tupande pamoja, na hapo ndipo aliponijibu, “Mwanangu, niache. Hii ngazi haikuwa yangu tangu zamani.” Sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kama yale, kwa sababu nilikuwa nimetumia miezi miwili kupanga safari nzima ya kumpandisha ngazi hiyo, na katika miezi hiyo miwili sikumuuliza mtu yeyote ngazi yenyewe ikoje.

Msimamizi hakusema neno. Aliteremka, akafungua chumba cha chini kilichokuwa hakijapangwa kupewa mgeni, akatandika shuka safi kwenye kitanda cha samadari, akafunga chandarua, na ndani ya nusu saa mama alikuwa amelala. Ukienda na mtu mwenye magoti mabovu, mjamzito au mtoto mdogo, uliza mapema kama kuna chumba cha chini, na uliza choo kiko ngazi ngapi kutoka kitandani. Hayo ni maswali ya mwanzo kabisa, yanatangulia hata bei.

Chumba cha chini, hata hivyo, kina mambo yake, na hayo nayo sikuyajua. Nyumba za wafanyabiashara za karne ya 19 zilijengwa ili familia ikae juu, penye upepo, na chini pawekwe bidhaa. Tulikuwa tumelala ghalani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene karibu dhiraa moja, na chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka nafasi pana. Karibu vyumba vyote vya nyumba za mawe za mwambao havizidi mita tatu kwa upana. Nilikisogeza kitanda hadi ukutani ili tupate nafasi ya kupita, nikatundika kanga za mama kwenye msumari, nikaegemeza sanduku la nguo pembeni. Asubuhi ya siku ya pili kanga zilikuwa na madoa ya kijani, upande mmoja wa godoro umelowa, na juu ya sanduku kulikuwa na unga mweupe uliodondoka kutoka ukutani, ambao nilipouonja kwa ncha ya kidole ulikuwa chumvi.

Nilikwenda kwa msimamizi na malalamiko. Alinichukua hadi ukumbini akanionyesha mahali ambapo, miaka mingi iliyopita, mtu fulani alikuwa ameupiga ukuta saruji kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno kwa nia ya kuuimarisha. Saruji ile ilikuwa ngumu na safi, lakini juu yake tu chokaa yote ilikuwa imeoza na kubanduka. Alinieleza kuwa ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na ukiwa na lipu ya chokaa huyatoa polepole kwa hewa. Ukizibwa kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka hulivunja jiwe kutoka ndani. Alisema anakusanya fedha za kuibandua saruji hiyo yote na kurudisha chokaa, chumba kimoja kwa mwaka, kutokana na hizo shilingi 80,000 za wageni. Niliona aibu kwa sauti niliyoanza nayo. Basi, ukipewa chumba cha chini katika nyumba ya namna hiyo, acha nafasi ya mkono mmoja kati ya kitanda na ukuta, weka sanduku juu ya kigoda, usitundike nguo ukutani, fungua madirisha mchana kutwa hewa ipite, na yafunge kabla ya Magharibi kwa ajili ya mbu, ambao kando ya mto ni wengi mno wakati wa masika. Chandarua kikague mwenyewe kwa mkono, kipande kwa kipande. Chetu kilikuwa na tundu moja, nikalishona.

Habari ya kifungua kinywa ina furaha zaidi. Asubuhi ya kwanza tulipewa chai, mkate wa dukani na yai, nami nikaanza kuhisi kuwa nimedanganywa na hapo pia, kwani nilikuwa nimemwahidi mama vyakula vya kwao. Kumbe kosa lilikuwa langu. Mama wa jikoni alituuliza kwa upole kwa nini hatukusema tangu jana tunataka nini, kwa maana mbaazi hulowekwa usiku, unga wa mahamri huumuliwa usiku, na nazi hununuliwa jioni ili ikunwe alfajiri. Jioni hiyo mama alikwenda jikoni mwenyewe, akaketi kwenye mkeka, wakapanga. Alfajiri iliyofuata niliamshwa na sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, kisu chake kikikwaruza kifuu kwa mwendo ule ule ambao bibi yangu alikuwa nao, na saa moja na nusu tulikuwa uani tukila mbaazi za nazi zilizokolea tui zito, mahamri yenye harufu ya iliki, na mkate wa kumimina uliokatwa vipande vya pembe nne. Mama alikula kimya. Alipomaliza alimega kipande kimoja cha mkate, akakifunga kwenye leso, akakiweka.

Chai ndiyo iliyonifunza jambo jingine. Maji ya bomba katika nyumba ile yalikuwa na ladha ya chumvi, si kali, ila inatosha kuharibu chai, na mama wa jikoni alikuwa akinunua madumu ya maji matamu kwa ajili ya kupikia na kunywa. Mgeni asiyejua hupiga mswaki, huonja, na huanza kulalamika kwamba nyumba ni chafu. Chanzo cha chumvi hiyo nilikuja kukielewa mtoni, katika siku ambayo ninaijutia kuliko zote.

Ilikuwa asubuhi ile ile ya kwanza, baada ya chai ya mkate na yai. Kwa kutaka kufidia yaliyotokea kwenye ngazi, nilikwenda ufukoni kutafuta mashua ya kutupeleka juu ya mto, nikapatana shilingi 60,000 kwa saa mbili, na nikataka tuondoke saa mbili asubuhi kabla ya jua kali. Nahodha, kijana mpole, alisema ingefaa tungoje alasiri. Nilimjibu kuwa mama yangu ni mtu mzima na jioni huchoka. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akijitanda kanga, aliuliza kitu kimoja tu: mwezi una siku ngapi leo? Sikumjibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekwisha kuniambia dirishani kuwa haoni karabai za wavuvi wa dagaa nje ya mlango wa mto, kwa hiyo lazima mwezi ni mpevu japo mawingu yameuficha, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Alikuwa ameniambia yote niliyohitaji kuyajua, nami sikuyaunganisha.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bahari huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Tanga tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Katika siku hizo maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku yanachelewa kwa karibu dakika hamsini, hadi yafike maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mzunguko uanze upya. Mto Pangani katika kilomita zake za mwisho hutii bahari. Kuondoka saa mbili asubuhi siku ya bamvua kulikuwa ni kuondoka pamoja na maji yanayokimbia, na juu ya hayo mimi ndiye niliyemsihi nahodha aingie katika kijito cha pembeni, katikati ya mikoko, ili mama aione karibu minazi aliyokuwa akiisimulia.

Saa tatu hivi mashua ilikwangua, ikasimama. Nahodha alishuka kuisukuma, akazama matopeni hadi mapajani, akarudi. Katika muda wa nusu saa maji yalikuwa yametuacha kabisa, tumekaa juu ya tope jeusi linalonuka, mizizi ya mikoko imetuzunguka kama vidole vilivyochomekwa ardhini, na kaa wadogo wakitoka mashimoni kwa mamia. Hapakuwa na kivuli. Mvua ilinyesha kidogo, kisha jua likatoka kali zaidi. Tulikuwa na chupa moja ya maji kwa watu watatu. Mama alihitaji kujisaidia na hapakuwa na mahali, na jambo hilo, ambalo watu hawapendi kuliandika, lilimdhalilisha mbele ya kijana wa watu kwa namna ambayo hakustahili. Tulikaa hapo hadi karibu saa sita. Nilimwomba msamaha, naye akasema hakuna neno, lakini hakuzungumza nami tena hadi usiku.

Alichokuwa akikitazama muda wote huo ni minazi. Ukingoni mwa kijito ilikuwa imesimama mingi bila vichwa, magogo matupu kama nguzo, mahali ambapo yeye alikumbuka shamba la kivuli. Nahodha alituambia kuwa maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani. Mto huu huanza katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na njiani maji yake huzuiwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, huchotwa kwa umwagiliaji, na hupitishwa katika mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani. Maji matamu yanayofika pwani yakipungua nguvu, bahari huingia ndani, na minazi na visima vya kando hupata chumvi. Ndiyo ile chumvi iliyokuwa katika mswaki wangu.

Nilimlipa nahodha shilingi 80,000 bila kuombwa, maana alinionya na nikamlazimisha. Ukitaka kupanda mtoni, muulize nahodha saa yake badala ya kumtajia ya kwako. Uliza kama kuna makoti ya kujiokolea, kwani mto una mamba na mkondo wake ni mkali mvua zinapokuwa nyingi. Beba maji zaidi ya unavyodhani, mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe, na mkumbushe kila mmoja aende msalani kabla ya kushuka ufukoni. Na kama una mzee aliyekulia hapo, jibu swali lake.

Siku ya pili hatukwenda mbali. Baada ya mahamri na mbaazi tulitembea taratibu mjini na kijana anayewatembeza wageni, kwa shilingi 20,000, hadi kwenye Boma, jengo ambalo huelezwa kuwa lilianza kujengwa mwaka 1810 na Waarabu wa Oman na ambalo baadaye Wajerumani walilifanya makao ya utawala. Kijana alieleza vizuri kuhusu Agosti 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani alipopandisha bendera Pangani na wenyeji wakakataa, na kuhusu Bushiri bin Salim al-Harthi aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani na kunyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kisha akaanza kusimulia habari ambayo husimuliwa kila mgeni, kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo za Boma ili jengo liwe imara. Mama aligeuka akaondoka.

Nilimfuata. Tuliketi kwenye baraza ya duka lililofungwa katika mtaa wa Uhindini, na hapo ndipo aliponiambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kuwa bibi yake mzaa baba alizaliwa katika mashamba ya miwa ya kando ya mto, na kwamba katika familia neno “mtumwa” halikuwahi kutamkwa. Walisema tu kuwa bibi alikuwa mtu wa shamba. Pangani ilitajirika kwa pembe za ndovu, kwa watu walioshushwa kwa misafara kutoka bara, na kwa sukari, na hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, mashamba ya miwa yaliendelea kuwatumia. Katika Tanganyika utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Nyumba tulizokuwa tukilala, roshani tulizokuwa tukizipiga picha, zilijengwa kwa fedha hizo, na mimi niliyefanya hesabu za kila kitu sikuwahi kufikiri kuwa safari yangu ya furaha ilikuwa ikimrudisha mama kwenye kizingiti hicho hasa. Sijutii kumpeleka. Najuta kutomuuliza kabla anataka kusikia nini, na kutomwambia kijana yule mapema kwamba mgeni niliye naye si mgeni.

Tulirudi kimya, lakini safari hii kimya chake hakikuwa dhidi yangu. Alilala mchana. Alipoamka, yapata saa kumi na nusu, alitoka uani amejifunga kanga mbili akaniambia anataka kupanda juu. Msimamizi alikwisha kutangulia kuweka kigoda kwenye kona ya ngazi, mahali zinapopinda. Sijui walikubaliana lini. Mimi nilikaa nyuma yake, kidato kimoja chini, bila kumshika, kwa sababu alikataa kushikwa. Alipanda kwa mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akapumzika, akapanda tena. Kwenye kidato cha kumi aliketi kwenye kigoda kwa muda mrefu, kiganja chake kikipapasa chokaa ya ukuta. Vidato tisa vilivyobaki alivipanda bila kusimama.

Roshani ilikuwa na vile viti viwili vya kwenye picha. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta wa gati, ya rangi ya udongo kwa mvua za juu, na kivuko kilikuwa kikija kutoka Bweni kimebeba watu, baiskeli na lori moja. Mama hakuketi. Alishika ukingo wa mbao, akatazama kilima cha ng'ambo, kisha akanionyesha kwa kidole mahali penye miti mitatu kando ya maji, akasema mtumbwi wao ulikuwa ukifungwa pale. Kisha akatazama upande wa mjini, kwenye gofu moja lisilo paa lililoota mtini juu ya ukuta, akalitazama sana, akasema ile ndiyo nyumba ya madafu, ndiyo yenyewe, haikuwa hii.

Nikamuuliza kama anataka twende kuiona kwa karibu kabla ya giza. Akasema hapana. Akavuta kiti kimoja, akaketi, akanyoosha mguu wa kulia juu ya kingine, akafungua leso aliyokuwa ameifunga kiunoni na kutoa kile kipande cha mkate wa kumimina cha asubuhi. Akaniambia nishuke nikamwombe mama wa jikoni chai, ya maji matamu, na nimwambie kuwa leo tutainywa huku juu.